Kasajiliwa Dodgers, sasa mbona hatumuoni uwanjani?

Kila baada ya miezi kadhaa ile video inarudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Kijana wa Kiganda anadaka mpira wa besiboli kwenye uwanja wa vumbi, anapiga mazoezi na matairi ya gari na vifaa vya kujitengenezea mwenyewe, na chini yake mtu kaandika "huyu kasajiliwa Dodgers, sasa yuko MLB, umaskini kwaheri", MLB yani ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Watu wanaweka makofi, wanaweka moto, maisha yanaendelea. Wiki mbili baadae binamu yangu ananipigia, "Kaka, nimekesha mechi nne za Dodgers, staa wao Ohtani nimemuona mpaka nimemchoka, huyo Mganda wetu yuko wapi? Hata benchi simuoni."

Nikacheka kwanza, alafu nikagundua sio yeye peke yake. Sisi tumekulia kwenye mpira wa miguu, ukisikia mtu kasajiliwa na klabu kubwa unategemea Jumamosi umuone, kama sio kikosi cha kwanza basi angalau anapasha misuli pembeni ya uwanja. Besiboli haiko hivo. Kule kusajiliwa na kucheza ni vitu viwili, na katikati yake kuna miaka, mabasi, na miji midogo ambayo hata Wamarekani wengi hawajawahi kuikanyaga.

Kwanza tutenganishe habari, mana hapo kwenye video watu watatu wanne wanachanganywa kuwa mtu mmoja.

Yule wa matairi ni Dennis Kasumba, mdakaji, yani yule anaechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na barakoa ya chuma. Video zake zilisambaa dunia nzima na mwaka 2023 akapata nafasi ya kwenda Marekani kucheza na timu ya Frederick Keys kwenye kitu kinaitwa MLB Draft League. Jina lina MLB ndani yake ndo mana watu wakachanganyikiwa, lakini ile ni ligi ya vijana ambao hawajasajiliwa na klabu yoyote, wanacheza pale ili maskauti, yani watafuta vipaji wa klabu, wawaone. Chukulia kama bonanza la majaribio, umeitwa kuonekana, hujaitwa kazini.

Wengine ni Ben Serunkuma na Umar Male. Hawa ndo waliosaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, mkataba wa kweli kabisa. Alafu kuna David Matoma, mrushaji, yani yule anaemrushia mpigaji mpira, yeye kasaini na Pittsburgh Pirates na mwaka 2023 akaanzia kwenye ligi ya Jamhuri ya Dominika, baadae akahamia Florida. Hao watatu ni wachezaji wa klabu za MLB. Ila binamu yangu angekesha mwaka mzima anaangalia Dodgers na Pirates na asingewaona, kwasababu walikuwa ligi ndogo.

Sasa ligi ndogo ni nini?

MLB, ligi kuu, ina klabu 30. Kila klabu kwenye kikosi cha mechi inaruhusiwa watu 26, Septemba wanaongezwa wawili. Piga hesabu, 26 mara 30 ni 780. Dunia nzima, Wajapani, Wakuba, Wadominika, Wavenezuela, Wamarekani wenyewe, wote wanagombea viti 780. Lakini chini ya hao 26 kila klabu ina jeshi zima la vijana imewasajili na inawalea, na kwa upande wa Marekani tu inaruhusiwa kuwa nao mpaka 165, bado hujaweka wale wa Dominika. Hao ndo wanaocheza ligi ndogo. Wale kati yao wanaotegemewa kufika juu ndo wanaitwa machipukizi, na kuna watu duniani, mimi mmojawapo, ambao wanafuatilia machipukizi kuliko hata ligi kuu yenyewe. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine.

Ichukulie kama shule. Kuna madarasa, unaanza la chini unapanda. Nitumie Pirates kwasababu ndo klabu ya Matoma na ngazi zao nazijua kwa kichwa. Darasa la chini kabisa ni Dominican Summer League, pale Jamhuri ya Dominika, klabu zote zina akademi zao kule, vijana wengi wana miaka 17, 18. Ukivuka unaletwa Marekani kwenye ligi ya kambi, klabu nyingine ziko Arizona nyingine Florida, mnacheza kwenye joto kali kwenye viwanja vya mazoezi, watazamaji ni makocha, maskauti, na mama wa mtu. Hapo juu yake ndo zinaanza timu zenye majina na mashabiki wa kununua tiketi: Single-A, ambayo kwa Pirates ni Bradenton Marauders kule Florida. Kisha High-A, Greensboro Grasshoppers, North Carolina. Kisha Double-A, Altoona Curve, Pennsylvania. Kisha Triple-A, Indianapolis Indians. Na juu ya hiyo ndo Pittsburgh yenyewe. Dodgers nao wana ngazi zao hivohivo, na klabu zote 30. Tangu mwaka 2021 kila klabu ina timu nne za kuanzia Single-A kwenda juu, jumla 120. Zamani zilikuwa zaidi ya hapo, MLB ikapunguza timu kama 40 hivi na kuna miji ilibaki inalia mpaka leo.

Wazo lenyewe la zamani. Branch Rickey, aliekuwa anaendesha St. Louis Cardinals miaka ya 1920, alikuwa hana hela za kushindana na matajiri kununua mastaa, akaamua atapanda wake mwenyewe, akawa ananunua timu ndogondogo anaweka vijana huko. Ndo mana mpaka leo wenyewe wanauita mfumo wa shamba. Vile vitimu vya chini ni kitalu, na mche hauhamishwi kwa kuwa wewe una njaa.

Kuna jambo moja linawasumbua sana watu wa mpira wa miguu nikiwaelezea. Timu ya Triple-A ikichukua ubingwa, inapanda ligi kuu? Haipandi. Milele. Indianapolis wakishinda mechi zote za msimu mwakani wako palepale Triple-A. Timu haipandi daraja, anaepanda ni mtu. Na anapanda katikati ya msimu, Jumatano mchana, tuseme mko Greensboro, tatu bora, mnagombea ubingwa, simu inaingia kwa kocha kwamba yule mrushaji wenu bora aondoke kesho asubuhi aende Altoona. Na kocha hawezi kubisha, kwasababu wachezaji sio wa timu, wachezaji na makocha ni wa klabu mama na mishahara inatoka klabu mama. Mwenye timu ndogo mara nyingi ni mfanyabiashara au kampuni tofauti na klabu mama, yeye anauza tiketi, bia, soseji na fulana, na fataki za Ijumaa usiku. Kwahiyo ukitaka kufuatilia ligi ndogo usiangalie msimamo. Msimamo kule ni kama alama ya usafi wa darasa, ipo, inatangazwa paredi, lakini hamna mtu anaenda sekondari kwa hiyo.

Na muda je? Mtu anakaa huko miaka mingapi?

Hapa ndo penye utamu. Paul Skenes, mrushaji, Pirates walimchukua namba moja kwenye drafti, yani zoezi la klabu kuchagua vijana wapya, ya Julai 2023, wakampa dola milioni 9.2 za kusaini. Tarehe 11 Mei 2024 tayari yuko Pittsburgh anarusha mpira ligi kuu. Miezi kumi, na mwisho wa msimu huohuo akachaguliwa mchezaji bora mgeni, yani wa msimu wa kwanza, wa National League, moja ya pande mbili za MLB, nyingine ni American League. Sasa chukua Gift Ngoepe, wa Afrika Kusini, huyu mama yake alikuwa anafanya kazi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg na familia ikaishi kwenye kachumba palepale klabuni, mtoto kalala kaamka besiboli. Akasaini na Pirates haohao mwaka 2008 akiwa na miaka 18. Kafika ligi kuu lini? Tarehe 26 Aprili 2017. Ana miaka 27. Alikuwa mtu wa kwanza aliezaliwa Afrika kucheza MLB, na mara yake ya kwanza kushika gongo, mbele yake Jon Lester wa Chicago Cubs, bingwa wa mwaka uliotangulia, akapiga mpira safi akafika besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji anazunguka kupata pointi. Klabu moja na ngazi zilezile, mmoja miezi kumi mwingine karibu miaka tisa.

Tofauti inatoka wapi? Skenes alishapikwa chuo kikuu, alitoka LSU akiwa bingwa wa vyuo, ana miaka 21, alihitaji kuonjwa chumvi tu. Ngoepe alitoka mahali ambapo ligi ya ushindani haipo. Na hapo tueleze milango ya kuingilia, mana nayo inachanganya. Mkazi wa Marekani, Kanada au Puerto Rico anapita kwenye drafti, klabu zinachagua kwa zamu raundi 20 kila Julai, kama watu 600 hivi. Wengine wote duniani, Mganda, Mdominika, Mtanzania akitokea, anasaini moja kwa moja na klabu yoyote inayomtaka, kuanzia miaka 16. Kwahiyo ukisikia "Mganda kachaguliwa kwenye drafti" jua aliepost hajui, labda kama huyo Mganda anaishi na kusoma hukohuko.

Haya, tuje kwenye namba, ambako watu wanapotea zaidi.

Mpigaji anapimwa kwa wastani. Ukiona imeandikwa .300 maana yake kwenye majaribio kumi kapiga mara tatu akafanikiwa, na mchezo huu ni mgumu kiasi kwamba mara tatu kwa kumi ni umekuwa mtu mzito. Sasa dogo anakwambia, cheki huyu ana .330 Triple-A, kwanini hawampandishi, na huyu mwingine ana .250 Double-A eti ndo wanamsifia. Ubaguzi huu!

Swali la kwanza kabla hujaangalia wastani: ana miaka mingapi? Mtoto wa darasa la sita ukimpa mtihani wa form two akapata 60, na jamaa wa miaka ishirini anaerudia form two akapata 80, nani ana akili zaidi? Kila mzazi anajua jibu. Kwenye Double-A wachezaji wengi wana miaka 23, 24. Ukiona kijana wa 19 au 20 yuko pale anapigana nao na hazami, hata wastani wake ukiwa wa kawaida, huyo ndo wa kuandika jina. Na yule wa .330 Triple-A ukimfungua unakuta ana miaka 29, kapanda kashuka ligi kuu mara tano, huyo anajua mtihani kwa kukariri. Wana jina lao hao, wanaitwa Quadruple-A, A ya nne ambayo haipo, yani Triple-A ni ndogo kwake na ligi kuu ni kubwa kwake. Inasikitisha kidogo ukifikiria.

Swali la pili: anachezea wapi? Uwanja wa Albuquerque uko juu kama mita 1,600 hivi, hapo ni kama Iringa, hewa nyepesi, mpira ukipigwa unasafiri kama umepewa nauli. Timu za Triple-A za upande wa magharibi, Albuquerque, Reno, Las Vegas, wapigaji wanaonekana miungu na warushaji wanaonekana wagonjwa. Kule Florida kinyume chake, timu nyingi za Single-A zinatumia viwanja vikubwa ambavyo klabu za ligi kuu zinafanyia mazoezi ya kabla ya msimu, ukuta uko mbali, mipira ambayo kwingine ingevuka ukuta ikawa hom rani inafia mikononi mwa wadakaji wa uwanjani. Kwahiyo hom rani kumi na mbili za Florida na kumi na mbili za Albuquerque sio dazeni moja.

La tatu, na hili mi naliamini kuliko yote: acha wastani, angalia mara ngapi anatolewa kwa straiki tatu, yani kashindwa mipira mitatu mizuri, na mara ngapi anapewa besi ya bure kwa kuacha mipira mibaya ipite. Wastani una bahati ndani yake, mpira unagonga jiwe unaruka, mdakaji anateleza. Lakini straiki tatu ni wewe na mrushaji tu, hamna wa kumsingizia. Mpigaji anaetolewa kwa straiki zaidi ya mara tatu kwa kila kumi kwenye Single-A, hata kama anapiga hom rani za kutisha, nina wasiwasi nae, kwasababu huko juu mipira inapinda zaidi na warushaji hawana huruma. Kwa mrushaji geuza, anatoa watu wangapi kwa straiki na anagawa besi za bure ngapi. Warushaji wa kasi wako wengi kuliko unavyofikiri, kasi peke yake ni kama gari zuri lisilo na breki. Mtu kama Matoma sifa yake kubwa ni kasi, kwahiyo mimi kila nikimfungua naenda moja kwa moja kwenye besi za bure, nyingine nasoma baadae.

Na usihukumu kwa wiki mbili jamani. Single-A na High-A wanacheza mechi 132, Triple-A 150. Mtu anaweza kulala Aprili nzima akaamka Juni.

Kuna mtu atasema besiboli yenyewe ina ugumu gani, si gongo na mpira. Sawa. Mwaka 1994 Michael Jordan, yule yule Jordan, ana mataji matatu ya NBA mfululizo mkononi, ana miaka 31, mwanamichezo maarufu kuliko wote duniani, aliacha kikapu akaenda kucheza besiboli na Birmingham Barons, Double-A ya Chicago White Sox. Mechi 127. Wastani .202, yani mara mbili kwa kumi. Hom rani tatu. Katolewa kwa straiki tatu mara 114. Na wanaojua mchezo wanasema kwa mtu ambae hakushika gongo tangu sekondari kuweza hata hiyo .202 Double-A ni maajabu. Double-A ndo mahali wengi wanapopaita chujio. Kule chini unaweza kuishi kwa kipaji tu, mrushaji ana kasi basi, Double-A warushaji wanajua unachokiogopa na wanakupa hichohicho usiku mzima.

Sasa kushushwa. Hii watu wanaisoma kama msiba, "kaferi, karudishwa". Jackson Holliday, chaguo namba moja la mwaka 2022, Baltimore Orioles, chipukizi namba moja wa besiboli nzima wakati huo, alipandishwa tarehe 10 Aprili 2024 akiwa na miaka 20. Mechi kumi. Majaribio 34, kafanikiwa mawili. Mawili! Wakamrudisha Norfolk, Triple-A. Mitandao ikamzika na ubani ikachoma. Tarehe 31 Julai kaitwa tena, siku hiyohiyo besi zote zikiwa na watu kapiga hom rani, pointi nne kwa pigo moja. Mike Trout mwenyewe, ambae kwa miaka mingi alikuwa bora duniani, alipoonjeshwa ligi kuu 2011 alipiga .220, mwaka uliofuata akawa mgeni bora wa American League kwa kura zote.

Na kushushwa kuna sheria zake, sio hasira za kocha. Klabu ina orodha ya watu 40, wale 26 wa mechi wako ndani yake na waliobaki wako ligi ndogo wanasubiri. Mtu akiwa kwenye hiyo 40, klabu inaweza kumpandisha na kumshusha katika misimu mitatu, wanaita opsheni. Zikiisha huwezi kumshusha tena bila kwanza kumpitisha mbele ya klabu nyingine 29, yeyote akimtaka anabeba. Ndo mana wakati mwingine unaona anaebaki ni mchezaji wa kawaida na anaeshushwa ni chipukizi anaepiga vizuri, sio kwamba wamekuwa vichaa, yule wa kawaida opsheni zimeisha na huyu bado anazo.

Kuna na ujanja wa siku, huu wa kihuni kabisa. Mchezaji akitimiza miaka sita ya utumishi ligi kuu anakuwa huru kwenda anakotaka, na mwaka wa utumishi unahesabiwa siku 172. Kris Bryant wa Cubs, Machi 2015 alipiga hom rani tisa kwenye mechi za maandalizi, hamna alieona sababu ya kumuacha. Wakampeleka Triple-A eti akaboreshe kudaka. Wakamuita tarehe 17 Aprili. Mwisho wa msimu kahesabiwa siku 171. Moja pungufu! Cubs wakapata mwaka mzima wa ziada wa kuwa nae. Akalalamika rasmi, mwaka 2020 akashindwa kesi. Sheria imebadilika tangu 2022, wageni wawili bora wa kila upande sasa wanapewa mwaka kamili hata kama siku hazijatimia, na Skenes alifaidika na hiyo. Ila wahasibu bado wapo, kwahiyo ukiona chipukizi kaiva na haitwi, kabla hujamlaumu mtoto angalia kalenda.

Ile ya "milioni za dola" sasa. Wachache waliochaguliwa juu kwenye drafti wanapata milioni za kusaini kama Skenes, kweli. Wengi hawapati. Mpaka 2022 mchezaji wa Single-A alikuwa analipwa dola 11,000 kwa mwaka, Marekani, ambako ni umaskini rasmi, walikuwa wanalala sita kwenye chumba na baada ya msimu wanaendesha Uber. Wakaungana wakaingia kwenye chama cha wachezaji, mkataba wa 2023 ukapandisha: ligi za kambi 19,800, Single-A 26,200, Double-A 30,250, Triple-A 35,800. Nyumba klabu inatoa. Na mchezaji wa mwisho kabisa kwenye benchi la ligi kuu mwaka huohuo kima cha chini kilikuwa 720,000. Soma tena hizo mbili za mwisho ndo utaelewa kwanini hatua moja kutoka Indianapolis kwenda Pittsburgh watu wanaililia miaka tisa.

Listi je? Baseball America, MLB Pipeline, FanGraphs, kila mwaka wanatoa machipukizi 100 bora, na watu wanazishika kama msahafu. Maskauti wanapima kila kipaji kwa alama kutoka 20 mpaka 80, 50 ndo mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, kwahiyo ukiona dogo kapewa 55 usidhani kapewa C, 55 ni kubwa. Listi ni nzuri, mi nazisoma zote, ila ni utabiri wa mvua. Brien Taylor, mrushaji, chaguo namba moja la Yankees 1991, bega likaharibika kwenye ugomvi mtaani, hakugusa ligi kuu hata siku moja. Mike Piazza alichaguliwa raundi ya 62 mwaka 1988, mtu wa 1,390, na Dodgers walimchukua kama fadhila tu kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa kocha Tommy Lasorda. Mwaka 2016 akaingizwa kwenye jumba la magwiji. Raundi ya 62 siku hizi hata haipo.

Na warushaji ongeza chumvi mara mbili, kiwiko. Kuna upasuaji unaitwa Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, 1974, unachukua mwaka mpaka mwaka na nusu kurudi. Ukiona mrushaji wako hajaonekana kwenye takwimu miezi minne, usitafute kama kaachwa, tafuta kwanza orodha ya majeruhi.

Binamu yangu nilipomaliza kumwelezea yote haya akauliza, sasa mi nifanyeje nimuone mtu. Rahisi. Takwimu na matokeo yote yako bure kwenye tovuti ya MiLB, yani ligi ndogo yenyewe, andika jina la mchezaji, inakuletea timu aliyopo leo, umri, na kila mechi aliyocheza. Ukiona jina la timu limebadilika kutoka wiki iliyopita ujue kapandishwa au kashushwa, magazeti yetu hayatakwambia. Ligi ya Dominika na zile za kambi zinaanza baada ya zile kubwa, na nyingi zinachezwa asubuhi na mchana wa kule, huku kwetu ni jioni, unafuatilia ukiwa kwenye foleni. Kuanzia Single-A ndo shida, mechi ya saa kumi na mbili na nusu jioni ya Florida huku ni saa saba na nusu usiku. Wanacheza na mpinzani mmoja mfululizo Jumanne mpaka Jumapili, Jumatatu karibu wote wanapumzika.

Kwahiyo nimempangia hivi, mechi asikeshe, Jumatatu asubuhi afungue majina matatu, aangalie umri, ngazi, straiki na besi za bure, dakika tano imeisha. Jumatatu ya kwanza kanitumia ujumbe kabla sijanywa chai. "Kaka, mrushaji wetu kagawa besi tatu za bure kwenye ining'i moja, zamu moja tu ya kurusha." Kabla sijajibu ukaingia wa pili, "Ila wapigaji wote waliomfata kawatoa kwa straiki."